Tata Raphaël ni nani? Maisha ya padri ambaye jina lake liko juu ya uwanja wa Kinshasa

BUNIA – Kila msimu, ligi ya taifa ya mpira wa miguu, Linafoot, inapokaribia mechi zake za mwisho, mazungumzo kwenye maduka na vituo vya pikipiki hapa Bunia huwa ni yale yale. Nani ameumia, nani atarudi, V.Club iko namna gani, Mazembe itasafiri lini. Katika mazungumzo hayo kuna jina linalotajwa kila mara bila mtu kusimama na kulifikiria: uwanja wa Tata Raphaël. Uwanja huo uko Kinshasa, katika komini ya Kalamu, zaidi ya kilomita 1,700 kwa ndege kutoka Ituri, na timu inayotoka Mashariki kwenda kutafuta ubingwa wa nchi inajua kwamba siku moja itapangiwa kucheza hapo mbele ya watu ambao si wake.

Tata Raphaël mwenyewe hakuwa mchezaji, ingawa wako wanaodhani hivyo. Hakuwa tajiri wa klabu, wala hakuwa Mkongo. Alikuwa padri Mbelgiji, mkubwa wa shule, mtu wa kanzu nyeupe. Jina lake kamili ni Raphaël de la Kethulle de Ryhove, na ni rahisi kuelewa kwa nini Wakinshasa walilikata wakabaki na Tata, yaani baba kwa Kilingala.

Alizaliwa mwaka 1890 karibu na mji wa Bruges, katika jamaa ya watu wa cheo wa upande wa Flanders. Aliingia katika shirika la wamisionari wa Scheut, lile ambalo huku kwetu halikufika sana kwa sababu Ituri na sehemu kubwa ya Mashariki zilikuwa mikononi mwa mashirika mengine, hasa Mapadri Weupe. Mwaka 1917, vita kuu ya kwanza ikiwa bado inapiganwa Ulaya, alifika Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa.

Léopoldville ya wakati ule ilikuwa bado mji mdogo unaokua haraka. Vijana walikuwa wanatoka mikoani kutafuta kazi kwenye bandari ya mto, kwenye reli na kwenye maofisi ya Wazungu. Mji wenyewe ulikatwa vipande viwili. Wazungu walikaa upande wao, na Wakongo walikaa upande ulioitwa sité, na usiku Mkongo hakuruhusiwa kutembea ovyo upande wa Wazungu. Padri Raphaël alipewa kazi ya shule katikati ya hali hiyo, na haukupita muda mrefu akaona kwamba darasa peke yake halitoshi. Mtoto anatoka shule saa sita, halafu anaenda wapi?

Jibu lake lilikuwa mpira. Mwaka 1919 alianzisha chama cha michezo cha Wakongo wa Léopoldville, kilichokuja kujulikana kwa herufi ARSC. Wanafunzi wake ndio waliokuwa wachezaji wa kwanza. Timu zikazaliwa shuleni, zikahamia kwenye kartie, kisha wale waliomaliza masomo na kuanza kazi ya ukarani wakaendelea kucheza kwa sababu walikuwa wameshazoea. Kabla ya vita kuu ya pili, chama hicho kilikuwa kinaendesha mashindano ya makumi ya timu zilizopangwa katika madaraja, na kulikuwa na mechi kati ya Léopoldville na ndugu zao wa ng'ambo ya mto, Brazzaville. Mpira haukuwa peke yake pia. Padri huyo alisukuma mazoezi ya viungo, skauti, muziki wa tarumbeta. Alikuwa mtu asiyependa kuona kijana amekaa bure.

Mwaka 1936 alianzisha timu iliyoitwa Daring. Mashabiki wanaijua vizuri. Ndiyo ile iliyobadilishwa kuwa Imana wakati wa Mobutu, kisha ikawa Daring Club Motema Pembe, DCMP ya leo. Mpinzani wake mkubwa, V.Club, alizaliwa mwaka mmoja kabla, 1935, kwa juhudi za Wakongo wenyewe, akapitia majina mengine kabla ya kuitwa Victoria Club. Kwa hiyo ugomvi wa mashabiki unaogawanya familia hadi leo, hata hapa Ituri ambapo wengi hawajawahi kukanyaga Kinshasa, ulianza katika kile chama cha shule.

Si haki kumweleza mtu huyu kama malaika. Alikuwa mmisionari wa wakati wa ukoloni na aliuamini utaratibu wake. Wamisionari wengi wa kizazi chake waliupenda mpira kwa sababu uliwaweka vijana mbali na pombe, ukawafundisha kutii filimbi, kufuata saa, kuvaa sare, kukubali kushindwa bila kelele. Serikali ya Wabelgiji nayo iliona faida hiyo hiyo. Mtu aliyechoka uwanjani siku ya Mungu jioni hana nguvu ya kwenda kwenye mikutano. Ligi zenyewe zilikuwa zimetengwa kwa rangi: Wazungu walikuwa na mashindano yao, Wakongo na yao. Padri Raphaël alijenga ndani ya ukuta huo na hakuuvunja.

Alijua kujenga, hata hivyo. Mwaka 1937 ulifunguliwa uwanja wa Reine Astrid, uliopewa jina la malkia wa Wabelgiji aliyekufa katika ajali ya gari nchini Uswisi miaka miwili kabla. Kwa mara ya kwanza Wakongo wa Léopoldville walikuwa na uwanja wa kweli, wenye mahali pa kukaa. Ulijaa, na ukawa mdogo. Padri akaanza tena kutafuta pesa, kubisha kwenye milango ya serikali na ya makampuni, mpaka mwaka 1952 ukafunguliwa uwanja wa pili, mkubwa sana, unaobeba makumi ya maelfu ya watu. Nao ukapewa jina la mfalme, Roi Baudouin. Mfalme huyo kijana alikuja mwenyewe Kongo mwaka 1955, na umati uliomshangilia ndani ya uwanja huo uliwafanya Wabelgiji wengi waamini kwamba Kongo ingebaki yao kwa miaka mingi.

Kuna kazi nyingine ya Padri Raphaël ambayo watu wa mpira huisahau, na pengine ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi. Mwaka 1925 aliwakusanya wanafunzi wa zamani wa mapadri wa Scheut katika chama kilichoitwa ADAPES. Lengo lilikuwa la kawaida: wasipoteane, wasaidiane, waendelee kusoma, wabaki Wakristo wazuri. Lakini katika nchi ambayo Mkongo alikatazwa siasa, na ambayo haikuwa na chuo kikuu mpaka Lovanium ilipofunguliwa mwaka 1954, chama cha wanafunzi wa zamani kilikuwa moja ya mahali pachache ambapo watu waliosoma waliweza kukutana, kuchagua rais wao, kupiga kura, kuandika ripoti na kubishana kwa utaratibu. Jean Bolikango, mwalimu katika shule ya mapadri hao, alikuwa rais wa ADAPES. Joseph Kasa-Vubu naye alikuwa katibu wake mkuu.

Mwaka 1946, katika UNISCO, muungano uliowakutanisha viongozi wa vyama vya namna hiyo, Kasa-Vubu alitoa hotuba kuhusu haki ya mwenye kuikalia ardhi wa kwanza. Wabelgiji hawakuifurahia. Mwaka 1954 akawa rais wa ABAKO, ambayo ilianza kama chama cha lugha na utamaduni wa Bakongo na baadaye ikageuka kuwa sauti kubwa ya kudai uhuru.

Padri Raphaël hakuona mwisho wake. Alikufa Ubelgiji mwezi wa sita 1956, karibu miaka 40 baada ya kufika Léopoldville. Alikufa wakati bado inawezekana kuamini kwamba uwanja ni mahali pa kucheza tu.

Haikupita hata mwaka mzima kabla ya imani hiyo kupasuka. Mwezi wa sita 1957, timu ya Union Saint-Gilloise ya Brussels ilikuja kucheza na Wakongo katika uwanja wa Roi Baudouin. Refa alikuwa Mbelgiji. Aliyakataa magoli ya Wakongo, nao wakashindwa. Kila shabiki anajua hasira ya goli lililokataliwa, lakini siku hiyo hasira haikubaki kwenye goli. Watu walipotoka nje walirusha mawe kwenye magari ya Wazungu. Goli lililofutwa na mtu mwenye filimbi, mbele ya maelfu ya watu ambao hawana mahali pa kupeleka malalamiko yao, lilifanana mno na maisha yao ya kila siku.

Kisha ikafika siku ya Mungu, tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959. ABAKO ilikuwa imeita mkutano huko Kalamu, si mbali na uwanja. Wakubwa wa mji hawakutoa ruhusa. Watu walikuwa wameshafika kwa wingi, na Kasa-Vubu akajaribu kuwaomba warudi nyumbani. Wakati huo huo mechi ilikuwa imemalizika Roi Baudouin, na maelfu ya mashabiki, wengi wao wa V.Club, wakamiminika barabarani moja kwa moja ndani ya umati ule uliokataliwa mkutano. Mito miwili ikakutana. Polisi walifyatua risasi. Maduka ya Wazungu yalivunjwa, magari yakachomwa, hata majengo ya misioni na shule hayakuponea. Fujo ziliendelea kwa siku kadhaa. Serikali ilihesabu makumi ya waliokufa. Wengine walihesabu mamia.

Siku tisa baadaye, tarehe 13, Mfalme Baudouin alitangaza kwenye redio kwamba Ubelgiji itaipeleka Kongo kwenye uhuru. Mwaka mmoja na nusu baadaye Kasa-Vubu alikuwa rais wa kwanza wa Kongo huru, baada ya kumshinda bungeni Bolikango, rais wa zamani wa ile ile ADAPES. Tarehe 4 mwezi wa kwanza ndiyo siku ambayo nchi nzima, Bunia pamoja, hupumzika kukumbuka mashujaa wa uhuru.

Ukiitazama siku ile ya 1959 kutoka upande wa padri, unaona kazi zake mbili zikikutana barabarani. Upande mmoja kulikuwa na kiongozi aliyejifunza uongozi katika chama cha wanafunzi wa zamani. Upande mwingine kulikuwa na umati uliotoka katika uwanja alioutafutia pesa. Hakuna hata moja aliyoianzisha kwa ajili hiyo.

Baada ya uhuru uwanja uliendelea na maisha yake. Mobutu aliuita 20 Mai, tarehe ya kuzaliwa kwa chama chake cha MPR mwaka 1967. Mwezi wa kumi na mbili 1973 ulishuhudia juma ambalo wazee wa mpira hawalisahau. Tarehe 9, Zaire iliipiga Morocco 3-0 hapo na kukata tiketi ya Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Tarehe 16, V.Club, ambayo ilikuwa imeshindwa 4-2 na Asante Kotoko huko Kumasi, iliwafunga Waghana hao 3-0 na kubeba kombe la klabu bingwa za Afrika. Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia tarehe 30 mwezi wa kumi, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8 katikati ya uwanja huo huo. Dunia nzima ilijua Kinshasa. Karibu hakuna nje ya Kongo aliyeuliza ni nani aliyepajenga.

Mechi kubwa za taifa zilihamia Kamanyola, uwanja uliofunguliwa mwaka 1994 na ambao sasa unaitwa Stade des Martyrs. Ule wa zamani ulibaki na mechi za ligi, nyasi zake zenye mabishano na kuta zake zilizozeeka. Mobutu alipoanguka mwaka 1997, jina la 20 Mai nalo lilianguka. Hawakurudisha jina la mfalme. Waliandika Tata Raphaël.

Ule mdogo wa mwaka 1937, Reine Astrid, nao ulibadilishwa jina ukaitwa 24 Novembre, tarehe ambayo Mobutu alichukua madaraka mwaka 1965. Leo unaitwa Cardinal Malula, kwa heshima ya Joseph Malula, askofu mkuu Mkongo wa Kinshasa aliyegombana na Mobutu na kufa mwaka 1989. Viwanja vyote viwili vya padri yule vimepoteza majina ya mfalme, ya malkia na ya chama, na vyote viwili sasa vina majina ya mapadri: mmoja Mbelgiji, mwingine mtoto wa Léopoldville.