Padre Antoine Horner na Bendi ya Bagamoyo

Marehemu Padre Antoine Horner alizaliwa Alsace, Ufaransa, mwaka 1827. Alifika Unguja mwaka 1863 pamoja na wamisionari wenzake, na mwaka 1868 Shirika lake la Roho Mtakatifu likafungua misheni Bagamoyo. Hapo watoto waliokombolewa utumwani walisoma, walilima na kujifunza ufundi.

Walifundishwa pia muziki. Stanley alipopita Bagamoyo mwaka 1871, safarini kumtafuta Livingstone, aliwasikia vijana hao wakipiga matarumbeta na kuimba nyimbo za Kifaransa, akastaajabu. Kwa mtoto aliyewahi kuuzwa kama bidhaa, kusikilizwa na wageni halikuwa jambo dogo. Hata hivyo, nyimbo zilikuwa za ugenini, na Misa ilikuwa ya Kilatini.

Padre Horner alifariki Cannes mwaka 1880. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alitilia mkazo uimbaji wa sauti, akakataza bendi kanisani, na ngoma pia. Kinanda kiliruhusiwa, kiwe msaidizi wa waimbaji. Ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliofungua mlango kwa ala nyingine zinazofaa ibada. Ndipo ngoma na kayamba zikaingia katika Misa zetu.

Nanyi wanafunzi wa kwaya, zingatieni: sauti hutangulia kwa sababu ndiyo ibebayo maneno ya sala. Lakini mwimbaji asiyeelewa anachokiimba hana tofauti na tarumbeta.