Thomas Nast: Mchoraji Aliyezaliwa Kambini

Thomas Nast alizaliwa tarehe 27 Septemba, 1840, katika kambi ya jeshi mjini Landau, Bavaria, ambako baba yake alikuwa mwanamuziki wa bendi ya kikosi. Mwaka 1846 alipelekwa New York. Shuleni masomo yalimshinda, lakini penseli ilimtii.

Mwaka 1862 alijiunga na gazeti la Harper's Weekly, Marekani ikiwa vitani yenyewe kwa yenyewe. Siku hizo mchoro ulichorwa kinyume juu ya ubao, mafundi wakauchonga, ndipo ukapigwa chapa. Katika kampeni ya urais ya mwaka 1864, wakati wengi walipotaka amani kwa gharama yoyote, Nast alichora askari kilema wa Kaskazini akimpa mkono adui mshindi juu ya kaburi la wenzake. Wafuasi wa Lincoln waliichapisha picha hiyo kwa wingi, na Lincoln akashinda.

Vita vyake vikubwa vilikuwa dhidi ya William Tweed, mkuu wa genge la wanasiasa lililoiibia New York mamilioni ya dola. Wananchi wasiojua kusoma walizielewa picha zile. Yasimuliwa kwamba Nast aliahidiwa laki moja, kisha laki tano za dola, ili aende Ulaya kujifunza uchoraji. Alikataa. Katika uchaguzi wa mwaka 1871 genge lile likaanguka. Tweed alipotoroka kifungoni mwaka 1875, alikamatwa Hispania mwaka uliofuata: maofisa walimtambua kwa katuni ya Nast. Alifia gerezani mwaka 1878.

Hata hivyo silaha hiyo haikulenga wakosefu peke yao. Aliwachora Waayalandi Wakatoliki kwa dharau isiyo na haki. Mwaka 1872 alimdhihaki Horace Greeley, mgombea urais, bila huruma. Mzee huyo alifiwa na mkewe, akashindwa uchaguzi, naye akafariki mwezi huo huo.

Mwaka 1874 Nast alitumia tembo kuwakilisha chama cha Republican, na alama hiyo ingali hai, sawa na punda wa Democratic aliyemtia umaarufu. Lakini mwaka 1884 kampuni alimoweka akiba yake ilifilisika, na miaka miwili baadaye akaachana na gazeti lake. Akiwa na madeni, mwaka 1902 alikubali kazi ya ubalozi mdogo mjini Guayaquil, Ecuador. Homa ya manjano ilipoingia mjini hakukimbia kituo chake. Ilimuua tarehe 7 Desemba mwaka huo.

Kurasa zake, zilizouzwa kwa senti chache, leo zinatafutwa na wakusanyaji na kuhifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Anayezitazama huona jinsi mtu mmoja asiyenunulika alivyoweza kuliangusha genge zima. Huona pia kwamba mkono ule ule, ulipokosa haki, uliwajeruhi wasio na hatia. Mwenye silaha yoyote ayapime yote mawili.