Mzee Kalebu: Mlima, Binti na Chemchemi

Wiki hii nataka tumkumbuke mzee ambaye ushujaa wake tunapenda kuuhubiri, lakini nyumba yake tunaipita haraka. Ni Kalebu mwana wa Yefune. Habari zake ziko Hesabu 13 na 14, tena Yoshua 14 na 15.

Alikuwa na miaka 40 Musa alipomtuma kutoka Kadesh-barnea, yeye na wenzake 11, kuipeleleza Kanaani. Walizunguka siku 40, wakarudi na kichala cha zabibu kilichobebwa na watu wawili. Wote waliona nchi ile ile na majitu yale yale. Kumi wakasema haiwezekani. Kalebu na Yoshua wakasema twende. Si watu walitaka kuwapiga mawe!

Hapa mimi humhurumia sana. Kosa halikuwa lake, lakini jangwa alilitembea pamoja na waliokosa. Mwaka baada ya mwaka alishuhudia watu wa rika lake wakizikwa, mpaka wakabaki wawili tu, yeye na Yoshua. Na sioni mahali alipolalamika.

Miaka 45 baadaye, huko Gilgali, akasimama mbele ya Yoshua akiwa na miaka 85. Wengi wetu kwa umri huo tungeomba kaploti kadogo, pahali tambarare karibu na barabara. Yeye aliomba mlima, tena wa Hebroni, kwenye ngome za wale Waanaki waliowatisha wenzake. Akapanda, akawafukuza Sheshai, Ahimani na Talmai.

Sasa, kuna wanaume wengi walioshinda vita huko nje, wakashindwa nyumbani. Kalebu je? Alikuwa na binti, Aksa, aliyeolewa na Othnieli baada ya Othnieli kuuteka mji wa Debiri. Kwa desturi zetu nyingi, hapo baba amemaliza: binti ameolewa, ana kwao. Lakini Aksa alirudi kwa babake. Aliposhuka tu kwenye punda, mzee akamuuliza anataka nini. Shamba alikuwa amepewa, ila lilikuwa upande wa Negebu, nchi kavu. Akaomba maji. Kalebu alikuwa na wana wa kiume pia, lakini hakumwambia binti angoje ndugu zake wajitosheleze kwanza. Alimpa chemchemi za juu na za chini, zote mbili.

Wazee wangu, nasema kwa heshima. Nimeketi kwenye vikao vya familia baada ya matanga, shamba la baba likigawanywa, na mabinti wakapika chai tu na kusikiliza. Baba alikuwa mtu wa maombi, lakini hakuacha neno lolote juu yao. Tukiwa hai ndio wakati wa kusema. Na tukitoa, tutoe kitu cha kumsaidia mtu kuishi, maana shamba bila maji ni mzigo.

Othnieli, mkwe wa mzee huyu, alikuja kuwa mwamuzi wa kwanza wa Israeli, na nchi ikatulia miaka 40. Baraka ilipita kwa binti ikafikia taifa zima.

Basi baba, jiulize wiki hii: binti yako akija leo na ombi, ataogopa, ama atajua utamsikiliza? Mungu atupe nguvu za kupanda mlima, na mikono ya kufungua chemchemi. Amina.