Sayyida Salme: Binti wa Sultani aliyeacha urithi wa maandishi

Katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Leiden, nchini Uholanzi, kumehifadhiwa barua, miswada, picha na vitabu vya familia ya Said-Ruete. Chimbuko la hazina hiyo ni Sayyida Salme binti Said, mwana wa Sultani wa Zanzibar aliyefia ughaibuni mwaka wa 1924.

Salme alizaliwa Agosti 30, 1844 katika kasri la Mtoni, nje kidogo ya mji wa Zanzibar. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka milima ya Kaukasi.

Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika halikuwa jambo la mwanamke. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Ujuzi huo ulimponza mapema. Mwaka wa 1859, miaka mitatu baada ya kifo cha Sayyid Said, Barghash alijaribu kumpindua kaka yake, Sultani Majid. Salme, akiwa na umri wa miaka 15 tu, ndiye aliyewaandikia waasi barua zao. Uasi ulizimwa kwa msaada wa Waingereza na Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid, na Barghash hakumsamehe kwa hilo.

Akiwa mjini, alipendana na jirani yake, mfanyabiashara Mjerumani Rudolph Heinrich Ruete. Alipopata mimba, maisha yake yalikuwa hatarini. Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Uingereza hadi Aden, ambako mwaka uliofuata alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyo hiyo. Mtoto wao wa kwanza alifariki wakiwa safarini kuelekea Ujerumani.

Mjini Hamburg walijaliwa watoto watatu. Mwaka wa 1870 Ruete alifariki katika ajali ya tramu, na mjane huyo akabaki na wana wachanga katika nchi ya baridi, akihama mji hadi mji na kufundisha Kiarabu ili kujikimu.

Kilio chake kikuu kilikuwa urithi wa baba yake. Mwaka wa 1885 alirejea Zanzibar akiandamana na manowari za Ujerumani, wakati Bismarck alipokuwa akimshinikiza Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani. Barghash alikataa kumwona. Wajerumani walipopata walichokitaka, dai la Salme liliwekwa kando. Safari ya pili mwaka wa 1888 haikuzaa matunda pia.

Mwaka wa 1886 alichapisha mjini Berlin kumbukumbu za maisha yake, akieleza kasri, harusi, magonjwa na fitina za ukoo. Humo pia aliutetea utumwa wa Waarabu. Kwa sababu ya maoni hayo, uwanja uliopewa jina lake mjini Hamburg mwaka wa 2019 ulinyang'anywa jina hilo baadaye.

Kwa miaka mingi aliishi Jaffa na Beirut, kabla ya kurudi Ujerumani mwaka wa 1914. Alifariki mjini Jena Februari 29, 1924, na kuzikwa Hamburg katika kaburi la familia ya mumewe.

Aliacha miswada ambayo haikuwa imechapwa, ikiwemo barua ndefu kwa rafiki wa Zanzibar asiyetajwa jina, zinazosimulia upweke wake Ulaya. Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, aliyefariki mwaka wa 1946, ndiye aliyezikabidhi nyaraka za familia kwa taasisi ya masomo ya Mashariki mjini Leiden. Mwaka wa 1993 mtaalamu wa Kiholanzi, E. van Donzel, alichapisha maandishi hayo kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata Jumba la Makumbusho la Kasri, Zanzibar, lilifunguliwa likiwa na chumba chenye kumbukumbu zake.

Kaka zake walimnyima mirathi na hata salamu. Hata hivyo, mengi yajulikanayo leo kuhusu maisha ya ndani ya kasri lao yametokana na kalamu ya dada waliyemkana, na uangalifu wa mwana ambaye hakuzitupa karatasi za mama yake.