Tom Feelings, mchoraji wa hesabu ya Kiswahili

Mtoto wa Tudor, Mombasa, huhesabu moja hadi kumi bila kufikiri. Kwa watoto weusi wa Marekani, hesabu hiyo iligeuzwa dirisha la kuitazama Afrika na mchoraji Tom Feelings, mzaliwa wa Brooklyn, New York, mwaka 1933.

Ujanani, msichana mdogo mweusi aliziona picha zake za watoto weusi kuwa mbaya. Hakulisahau hilo. Mwaka 1964 alihamia Ghana, akachora huko hadi Kwame Nkrumah alipopinduliwa mwaka 1966.

Maneno ya Moja Means One (1971) ni ya mkewe, Muriel, aliyewahi kufundisha Uganda. Moja ni Mlima Kilimanjaro. Mwaka 1972, Feelings akawa mchoraji mweusi wa kwanza wa Marekani kutunukiwa heshima ya Caldecott. Alifariki dunia Agosti 2003.