Jim Gray: Alifunza kompyuta kutopoteza pesa zako, kisha akapotea baharini

UNATUMIA rafiki yako Sh500 kwa simu. Kabla zifike, mtambo unazima ghafla. Pesa hizo hazifai kupotelea njiani: ama zimemfikia, ama bado ziko kwako. Kanuni hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Mmoja wa waliohangaika nayo zaidi ni Jim Gray.

Gray alizaliwa San Francisco, Marekani, Januari 12, 1944. Alisomea Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwaka 1969 akawa mtu wa kwanza kupata shahada ya uzamifu ya sayansi ya kompyuta chuoni humo.

Miaka ya sabini alikuwa IBM, San Jose, katika mradi wa System R. Shida ilikuwa hivi: watu wengi wanasoma na kubadilisha data ileile kwa wakati mmoja, na mashine inaweza kuzima wakati wowote. Gray na wenzake walifunga hatua zote za shughuli moja pamoja, ziwe muamala mmoja. Zikamilike zote, la sivyo isihesabike hata moja.

Halafu kuna logi. Fikiria mwenye duka anayeandika daftarini kwanza, ndipo aguse bidhaa. Kompyuta nayo huandika badiliko kwenye logi kabla ya kugusa data yenyewe. Ikizima na kuwaka tena, inasoma logi: muamala uliokamilika unarudiwa, ulioachwa nusu unafutwa.

Mwaka 1980 alihamia Tandem, kampuni iliyounda kompyuta zisizotakiwa kuzima hata kidogo, kama zile za benki. Mwaka 1985 alichapisha ripoti kuhusu kinachofanya kompyuta zisimame. Wengi wangelaumu vifaa kuharibika. Kumbe wahalifu wakuu walikuwa programu mbovu na makosa ya watu wanaosimamia mitambo!

Hilo msee yeyote wa IT analijua. Usiku wa manane, kwenye skrini nyeusi isiyo na picha wala vitufe, anaandika amri ya mysqldump ili achukue bekapu huku wateja wakiendelea kununua. Akiiambia ifanye kazi yote ndani ya muamala mmoja, nakala inatoka jinsi data ilivyokuwa wakati ule tu, bila kuchanganya ya sasa na ya baadaye. Kesho yake mtu akifuta jedwali saa nne asubuhi, anarudisha bekapu ya usiku, kisha kwa mysqlbinlog anasoma logi na kurudia mabadiliko yote hadi sekunde chache kabla ya kosa. Mauzo ya asubuhi yanarudi.

Mwaka 1995 Gray alijiunga na Microsoft. Huko aliongoza TerraServer, iliyoweka picha za ardhi zilizopigwa na setilaiti na ndege kwenye intaneti mwaka 1998, miaka mingi kabla ya Google Earth. Mwaka huohuo akatuzwa Turing, tuzo kubwa zaidi katika sayansi ya kompyuta. Pia aliwasaidia wanaastronomia kuweka data zao za anga mahali ambapo yeyote angeweza kuzitafuta.

Januari 28, 2007, alitoka San Francisco peke yake kwa mashua yake ya matanga, Tenacious, yenye urefu wa mita 12 hivi. Alikuwa akielekea visiwa vya Farallon kumwaga majivu ya mamake. Hali ya hewa ilikuwa shwari. Hakurudi.

Walinzi wa pwani walimsaka kwa siku kadhaa. Marafiki zake wakapata picha za bahari kutoka kwa setilaiti, wakazikata vipande vidogo na kuviweka kwenye mtandao wa Amazon wa Mechanical Turk. Maelfu ya watu wakajitolea kuvikagua kimoja baada ya kingine. Hakuna hata ubao wa mashua uliopatikana. Mwaka 2012, mahakama ikatangaza kuwa amefariki.

Kama unaanza kazi ya kompyuta, shika somo lake kuu: kila kitu kitazima siku moja, na mara nyingi mkosaji atakuwa binadamu. Kwa hivyo usitosheke kuona amri ya bekapu imemaliza bila kulalamika. Irudishe kwenye mashine nyingine, ufungue faili, uhakikishe data imo. Bekapu ambayo hujawahi kuirudisha bado ni matumaini tu.