Seyyid Barghash bin Said na Vita vya Ndugu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Ama baada ya hayo, jueni, enyi ndugu, ya kuwa mgeni haingii nyumbani kwa nguvu mpaka wenyeji waishe kugombana mlangoni. Ushahidi wa maneno haya ni habari ya Seyyid Barghash bin Said, Mungu amrehemu.

Baba yake, Seyyid Said bin Sultan, alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, yaani Safar 1273, akitoka Maskati kuja Unguja. Barghash alikuwamo chomboni. Akaileta maiti, ikazikwa usiku, naye akataka kuishika Ngome kabla mji haujapata habari. Lakini jemadari wa Mabulushi akakataa kumpa. Basi Unguja ikawa ya nduguye Majid, na Maskati ikawa ya ndugu yao mkubwa Thuwaini.

Hata mwaka 1859, yaani 1276, Barghash akapatana na Waharthi, na mkubwa wao Abdallah bin Salim, ili wamwondoe Majid. Dada zake wawili, Bibi Khole na Bibi Salme, wakaingia katika shauri. Na Salme, ingawa alikuwa kijana mno, akawa mwandishi wa barua zao kwa kuwa alijua kuandika. Zikakusanywa kwa siri bunduki, baruti na risasi, na mikate ikaokwa kwa wingi, vikapelekwa shamba la Marseilles, penye nyumba imara ya marehemu ndugu yao Khalid. Nyumba ile ikafanywa ngome.

Majid alipopata habari akamzingira Barghash nyumbani kwake mjini. Dada zake wakamwendea, wakamvika mavazi ya kike, wakatoka naye katikati ya askari, akaenda zake shamba. Majid akamfuata na maelfu ya watu pamoja na mizinga. Wakapigana, na kuta zile zikastahimili. Wakafa watu wengi, wote wa kibla kimoja. Na waliopigana walikuwa wana wa baba mmoja.

Majid alipoona hawezi kuishika nyumba, akataka msaada kwa Waingereza, wakateremka mabaharia wa manowari iitwayo Assaye. Barghash hakuwangoja, akatoroka usiku akarudi mjini. Huko nako mabaharia wakaipiga nyumba yake risasi, hata Bibi Khole akapaza sauti kuomba amani. Barghash akaapa mbele ya balozi wa Kiingereza kuwa ataondoka, akapelekwa Bombay pamoja na mdogo wake Abdul Aziz, akakaa huko yapata miaka miwili. Na mwaka 1861 mtawala wa Kiingereza wa Bara Hindi ndiye aliyekata hukumu kati ya Majid na Thuwaini: Unguja itengane na Maskati, na Majid amlipe nduguye riali 40,000 kila mwaka. Tazama basi, urithi wa baba umegawanywa na asiye wa ukoo.

Majid alipofariki mwaka 1870, yaani 1287, Barghash akatawala. Akaleta maji safi mjini kutoka Chemchem, akajenga Beit el Ajaib, akaweka mtambo wa kuchapa vitabu vya dini. Mwaka 1877 akaanzisha jeshi jipya chini ya afisa wa Kiingereza, Lloyd Mathews, lenye kufundishwa vita vya kisasa. Lakini mwezi wa Agosti 1885, alipoteta na Wajerumani kwa kuwa wametwaa nchi za bara, manowari zao zikatia nanga mbele ya mji na kuelekeza mizinga yao. Yeye aliyempiga nduguye kwa baruti hakuweza kumpiga mgeni hata risasi moja, akakubali. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakakubaliana wao kwa wao kumwachia huku mrima ukanda wa maili 10 tu.

Akafariki mwezi wa Machi 1888, yaani Rajab 1305. Hakukosa ushujaa wala akili. Watu walimjua kwa yote mawili. Lakini mlango uliofunguliwa pale Marseilles haukufungika tena. Basi, ewe msomaji, ukigombana na nduguyo kwa shamba au kwa urithi, mwendee kabla jua halijatua, wala usimwite mwenye mizinga aje kuwapatanisha. Na Mungu ndiye ajuaye zaidi.